Namba za Kiwandani Humkamata Nani?

Ni fundi gani wa simu pale Somanda, Bariadi, ambaye hajawahi kuletewa ujumbe ule? Bonyeza *#06#, namba ya tarakimu 15 itatokea, kisha hesabu hadi ya saba na ya nane. Zikisomeka 00, simu imetoka kiwanda mama. Zikisomeka 01 au 10, ni ya Finland, safi. Zikisomeka 08 au 80, ya Ujerumani, si mbaya. Zikisomeka 02 au 20, ya Emirates, hapo ujue umeliwa. Na zikisomeka 13, imeunganishwa Azerbaijan na ni hatari kwa afya yako. Ujumbe huo umepita kwenye simu za Afrika Mashariki miaka nenda rudi, na hadi leo wapo wanunuzi wanaoinamia kioo cha simu mbele ya muuzaji wakihesabu tarakimu kwa ncha ya kidole. Wanachokitafuta ni haki yao kabisa: wanataka kujua bidhaa ilitoka wapi, lini, na kama ni orijino au feki. Wanapokitafutia ndipo penye walakini.

Ujumbe wenyewe haukutungwa hewani. Hadi mwisho wa mwaka 2002, tarakimu ya saba na ya nane za namba hiyo, iitwayo IMEI, zilikuwa kweli zimetengewa mahali simu ilipounganishwa. Kuanzia Januari 2003 ziliandikwa 00, na ilipofika Aprili 2004 utaratibu huo ukafutwa, tarakimu nane za mwanzo zote zikawa za kutambulisha aina ya simu. Kwa hiyo ile 00 inayosifiwa kuwa ya kiwanda mama ilikuwa alama ya miezi 15 ya mpito tu, na simu zilizotengenezwa baada ya hapo hazina tena kitu cha kusomwa mahali hapo. Hata zilipokuwa hai, tarakimu hizo zilitaja mahali tu. Habari ya ubora na ya afya iliongezwa na wapiga soga. Jambo hili dogo linatoa picha ya swali zima la namba za kiwandani. Hoja ninayoitetea ni kwamba namba iliyopigwa kwenye bidhaa haiwezi peke yake kuthibitisha kuwa bidhaa ni halisi. Inachoweza ni kumkamata mwongo, na humkamata pale inapogombana na namba nyingine iliyopigwa na mkono mwingine. Watu waliolifanyia kazi jambo hili kwa undani wa kushangaza hawakuwa polisi wala maofisa wa viwango. Walikuwa wakusanyaji wa kaseti za gemu za zamani.

Kwanza tukubaliane namba hizi zinaandikwa kwa ajili ya nani. Kiwanda hupiga namba kwa ajili yake chenyewe, ili bidhaa ikirudi mbovu kijue ilitoka zamu ipi, mashine ipi, na shehena ipi ya vipuri. Mkoa wa Simiyu, unaoongoza nchini kwa pamba, una mfano wake wa kila msimu. Pamba mbegu ya wakulima wa Dutwa, Nyakabindi na kwingineko hupimwa kwenye chama cha ushirika (AMCOS), ikapakiwa, ikamwagwa kwenye kiwanda cha kuchambulia, na huko ikachanganyika. Robota linalotoka upande wa pili lina namba, nayo inamrudisha mnunuzi wa mbali hadi kiwandani na kwenye sampuli ya pamba hiyo. Haimrudishi shambani. Mkulima aliyechagua pamba yake vizuri na yule aliyetia mchanga wamo ndani ya robota moja, chini ya namba moja. Hapo namba haijasema uongo wowote. Imejibu swali la mwenyewe aliyeipiga. Makosa huanza pale mtu mwingine anapoiuliza swali lake, halafu akadhani amejibiwa.

Sasa ichukue kaseti ya kijivu ya Nintendo, ya ile mashine ya NES iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1985. Kwenye lebo ya mbele kuna maandishi madogo: NES-SM-USA. Sehemu ya kwanza ni mashine, ya pili ni gemu, hapa Super Mario Bros., ya tatu ni soko. Soko la Ujerumani Magharibi liliandikwa FRG, la Hispania ESP, la nchi za Skandinavia SCN. Hii ndiyo namba ambayo kila anayeanza kukusanya huisoma kwanza, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Inataja jina la gemu, jambo ambalo picha ya lebo imeshalisema, na nakala zote za soko hilo zinaibeba namba hiyo hiyo. Mwenye mashine ya kuchapia anaweza kuitoa upya siku moja. Thamani yake ni ya kuanzia tu: inatuambia kaseti inadai kuwa nini, ili tujue ni dai gani tunakwenda kulipima.

Kwenye kaseti za Game Boy na za SNES, lebo ina kitu kingine ambacho jicho hulipita. Iinue kaseti kuelekea mwanga wa dirishani, ilaze kidogo, na tarakimu mbili zilizobonyezwa kwenye karatasi bila wino zitajitokeza, pengine zikifuatwa na herufi: 22A, kwa mfano. Wakusanyaji huzichukua tarakimu hizo kuwa alama ya kiwanda au mstari wa kuunganishia. Herufi ndiyo yenye faida zaidi, kwa sababu huenda sambamba na marekebisho ya programu. Kaseti isiyo na herufi ina toleo la kwanza la gemu. Yenye A ina toleo lililosahihishwa mara moja. Ndani, kwenye chipu inayobeba gemu, namba huishia na 0 kwa toleo la kwanza na 1 kwa lililosahihishwa. Tazama mpangilio huo ulivyo: habari moja imeandikwa mara mbili, mahali pawili, kwa njia mbili tofauti, na mtu anayebandika lebo si yule anayetengeneza chipu. Lebo ikisema A na chipu ikasema 0, basi kati ya hapo na kiwandani kuna mtu alihamisha ganda, au alichapa lebo bila kujua ndani kuna nini. Maana hii haikutangazwa kwa wanunuzi. Ilipatikana kwa watu kufungua maelfu ya kaseti, kupiga picha bodi zake pande zote mbili, kupanga namba kwenye majedwali na kuangalia kipi kinafuatana na kipi.

Kufungua kunahitaji bisibisi ya kichwa cha pekee, ya milimita 3.8, kwani kampuni haikutaka kila mtu achungulie. Ndani kuna bodi ya kijani na chipu mbili, tatu au zaidi: ya programu, ya picha, ya kufuli inayoitambulisha kaseti kwa mashine, na kwa gemu zinazohifadhi mchezo kuna chipu ya kumbukumbu na betri ya duara. Kila chipu ina mistari ya maandishi meupe, na mara nyingi mmojawapo una tarakimu nne kama 8947. Mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki: wiki ya 47 ya mwaka 1989, yaani Novemba. Hapa ndipo wengi huteleza. Tarehe hiyo ni ya chipu. Kaseti iliunganishwa baadaye, ikasafirishwa baadaye tena, ikauzwa Mungu ajua lini. Chipu zenyewe hazilingani, kwa kuwa kiwanda huchota kutoka maboksi tofauti: moja ikasoma 8931, nyingine 8947, ya kufuli ikawa ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo msomaji makini huchukua tarehe iliyo ya karibuni kuliko zote na kusema jambo moja tu: kaseti hii haikuunganishwa kabla ya wiki ya 47 ya 1989. Sentensi hiyo ni ndogo kuliko ile aliyoitamani, na ndiyo pekee anayoweza kuisimamia.

Ila sentensi ndogo ina nguvu yake. Gemu iliyotoka mwaka 1987 ikiwa na chipu ya 1991 haina tatizo lolote, ni toleo la uchapaji wa baadaye, na kwa gemu zilizouzwa sana jambo hilo ni la kawaida. Kaseti ya NES yenye chipu ya mwaka 2009 ni habari nyingine kabisa, kwa sababu wakati huo kampuni ilikuwa imeacha mashine ile miaka mingi nyuma. Lebo inaweza kung'aa, ganda likawa halisi, namba ya mbele ikawa sahihi herufi kwa herufi. Wiki moja iliyochapwa kwenye plastiki nyeusi imevunja ushahidi wote. Hakuna aliyehitaji kujua mtengenezaji wa kweli ni nani. Imetosha kuona kuwa vitu viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Mtu atasema: kama ni hivyo, mwigaji atajifunza kuandika tarehe sahihi, na mchezo umekwisha. Pingamizi hili ni zito, na sehemu yake imekwisha kutokea. Kaseti bandia za Pokémon za Game Boy Advance ziligunduliwa kwa muda mrefu kwa kukosa zile tarakimu zilizobonyezwa kwenye lebo, na kwa bodi isiyo na neno Nintendo juu ya pini, mahali panapoonekana bila kufungua. Maelekezo ya kuzitambua yalipoenea, nakala mpya zikaanza kuja na tarakimu zimebonyezwa. Kila mwongozo wa kumfundisha mnunuzi ni mwongozo wa kumfundisha mwigaji pia. Lakini tuangalie anachokiiga. Mwigaji hutumia fedha mahali mnunuzi anapotazama, na huacha kutumia pale ambapo gharama ya kudanganya inapita bei ya bidhaa. Lebo ni ya senti chache. Kukwangua chipu na kuichapa upya kunawezekana, na kwenye biashara ya chipu zilizotumika kunafanyika, lakini kufanya hivyo kwa chipu tatu, kwa tarehe zinazopishana kwa wiki chache kama zinavyopishana kwenye bodi halisi, ni kazi ya kumtia hasara mtu anayeuza kaseti kwa bei ya kutupa. Kwa sababu hiyo alama inayoaminika zaidi huwa ile ambayo hakuna anayepata faida kuighushi. Alama ikishapata umaarufu, thamani yake ya ushahidi inaanza kushuka siku hiyo hiyo.

Hayo yote ni ya kaseti zenye namba. Za kwetu ni kisa kingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Gemu za kuchezea kwenye televisheni haziwezi kutangulia televisheni, kwa hiyo kwa nyumba nyingi za Bara zilikuja baada ya hapo, wakati soko limefunguliwa na bidhaa za Asia zinateremka Kariakoo kwa makontena. Kilichokuja hakikuwa NES. Zilikuja nakala za Famicom, ile mashine ya Japani ya Julai 1983 ambayo NES ilitokana nayo, zilizotengenezwa Taiwan na baadaye China kwa majina ya kila aina. Dalili ya kuzitofautisha haihitaji namba yoyote: kaseti ya NES ina pini 72, ya Famicom na nakala zake ina pini 60. Warusi walizijua kwa jina la Dendy, Wapolandi kwa jina la Pegasus. Huku kwetu mtoto alisema gemu, na kaseti iliitwa kaseti, basi. Kwenye orodha ya herufi za masoko zinazojulikana za Nintendo, hakuna herufi tatu za Afrika Mashariki.

Ifungue kaseti hiyo. Haina skrubu ya pekee; mara nyingi bisibisi ya kawaida au ukucha unatosha. Ndani ya ganda kubwa kuna bodi ndogo, na katikati ya bodi kuna tone jeusi la gundi ngumu, duara, kama kitone cha lami kilichopoa. Chini ya tone hilo ndipo kipo kipande cha silikoni chenye gemu zote, kimebandikwa moja kwa moja kwenye bodi bila kuvikwa ganda la plastiki. Kwa kuwa hakuna ganda, hakuna pa kuchapa tarehe. Hakuna wiki, hakuna mwaka, hakuna jina la kiwanda. Pembeni ya bodi utakuta pengine herufi mbili na namba fupi, ambayo ni jina la mchoro wa bodi tu. Lebo inasema kuna gemu 9999 ndani, na ukihesabu ni chache, zimerudiwa kwa majina tofauti, nyingine ni ile ile ikianzia hatua ya tano badala ya ya kwanza. Kwenye skrini ya mwanzo, mahali palipokuwa na jina la kampuni na mwaka, pamefutwa.

Fundi anayefuata akili ya kawaida atahitimisha kuwa hapo hakuna cha kusoma. Sikubaliani naye. Ukimya huo ni maelezo ya uhusiano kati ya mtengenezaji na mnunuzi. Kiwanda kinachotegemea bidhaa kurudi na malalamiko kinahitaji kumbukumbu. Kiwanda ambacho bidhaa ikitoka langoni imetoka moja kwa moja hakina haja nayo. Ile gundi ilichaguliwa kwa urahisi wa gharama, ikafuta historia bila hata kukusudia. Na bado kuna njia ya kuupata mpaka wa chini wa tarehe, kwa mantiki ile ile ya chipu: orodha ya gemu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko gemu changa kuliko zote zilizomo. Gemu ya vifaru iliyopendwa kila mahali, Battle City, ilitolewa na Namco mwaka 1985. Kwenye kaseti nyingi za aina hii imo kwa jina la Tank 1990, ikiwa imebadilishwa na watu wengine kabisa. Kaseti yenye jina hilo, hata kama kila mwaka umefutwa kwenye skrini, haiwezi kudai kuwa ya 1985. Walioifuta tarehe walisahau kufuta jina. Kwa mara nyingine mwongo amekamatwa na kitu ambacho hakukijali.

Turudi kwenye simu, kwa sababu huko ndiko namba ilikopewa kazi ya dola. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilianzisha rajisi kuu ya namba tambulishi za vifaa, na tarehe 16 Juni 2016 TCRA ikazima simu ambazo namba zake hazikukidhi. Wananchi walielekezwa kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 ili wajibiwe simu yao ni ya aina gani. Kenya ilikuwa imetangulia na zoezi kama hilo mwishoni mwa Septemba 2012. Hatua ile ilikuwa na maana, na tofauti yake na ule ujumbe wa tarakimu ya saba ni kubwa: badala ya mnunuzi kubashiri maana ya tarakimu, aliuliza rajisi, na rajisi ikajibu. Jibu lenyewe lilikuwa na faida ya pekee. Likisema simu uliyoshika ni ya kampuni au aina tofauti na ile inayoonekana mkononi, umeshamkamata muuzaji, hapo hapo, kabla hela haijatoka.

Kilichokamatwa ni simu zenye namba tupu, za kubuni, au zisizolingana na kitu chochote kwenye orodha. Namba ya kunakili ni kesi tofauti. Tarakimu ya 15 ya IMEI ni ya ukaguzi, hupatikana kwa hesabu iliyobuniwa na mhandisi wa IBM, Hans Peter Luhn, katika miaka ya 1950. Chukua namba 49015420323751. Tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo unazizidisha mara mbili, na jibu likiwa la tarakimu mbili unazijumlisha: 9 inakuwa 18 kisha 9, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14 kisha 5, 1 inakuwa 2. Hizo jumla ni 30. Zilizobaki, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ni 22. Jumla kuu 52, na ili kufika 60 inahitajika 8. Basi 8 ndiyo tarakimu ya 15. Hesabu hii inamnasa karani aliyekosea kuandika. Mwigaji haimtishi, anaifanya kwa kalamu kama tulivyoifanya hapa, au anaiacha kabisa na kunakili namba nzima ya simu halali. Mwaka 2020 polisi wa Meerut nchini India walieleza kukuta simu zaidi ya 13,000 zikitumia IMEI moja. Kila moja kati ya hizo, ikiulizwa peke yake, ingejibiwa kuwa ni halali. Uongo ulionekana pale tu zilipotazamwa pamoja, kwa sababu simu moja haiwezi kuwa mahali 13,000 kwa wakati mmoja. Mtandao wa simu unaweza kuuona mgongano huo. Mnunuzi aliyesimama dukani hawezi.

Kuna imani nyingine ya jamii hiyo hiyo kuhusu mistari myeusi ya msimbomilia. Inasemwa kuwa 690 mwanzoni ni bidhaa ya China na 620 ni ya Tanzania. Tarakimu hizo zinataja shirika la usajili lililotoa namba, basi. Kabla GS1 Tanzania haijaanza kutoa 620 mwaka 2011, wapo wazalishaji wa hapa nchini waliosajili bidhaa zao Kenya na zikabeba 616, na asali ya Tanzania haikugeuka kuwa ya Kenya kwa sababu hiyo. Tarakimu mbili za mwanzo za IMEI nazo ni hivyo: 35 ni chombo cha Uingereza kilichoitoa namba, na simu yenyewe ikawa imeunganishwa Shenzhen. Tunarudi kwenye robota la pamba. Kila namba ina mlango wake, na mlango huo unafunguka kuelekea kwa mwenye daftari.

Pingamizi la mwisho ninaloliona la maana linatoka upande mwingine: kwamba huku ni kuwafundisha wananchi kutilia shaka kila kitu, wakati zipo namba ambazo kuziamini kunaokoa maisha. Ni kweli zipo. Tairi, kwa mfano, tangu mwaka 2000 hubeba tarakimu nne za wiki na mwaka, kwa mpangilio uliogeuzwa ukilinganisha na chipu: wiki kwanza, mwaka baadaye. Tairi iliyoandikwa 0712 ni ya wiki ya saba ya 2012, na dereva wa basi la Lamadi anayefungiwa tairi hiyo leo kama mpya ana haki ya kugoma. Lakini kwa nini tunaiamini? Kwa sababu imefinyangwa ndani ya mpira wakati tairi inaivishwa, na kuiondoa kunaacha kovu. Mbegu zenye lebo ya kukwangua ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na stempu za kielektroniki za TRA zilizoanza Januari 2019 kwa bidhaa kama sigara na pombe, zinaaminika kwa sababu tofauti: mnunuzi anaweza kuuliza, kwa simu yake mwenyewe, na jibu likatoka kwenye rajisi. Hizo ni njia mbili tu. Ama namba imefungamana na kitu kiasi kwamba kuibadilisha ni kukiharibu, ama ina daftari lililo wazi kwa anayeuliza. Namba isiyo na mojawapo kati ya hizo ni mapambo, hata ikiwa na tarakimu 15. Na stempu nayo, kama ile IMEI ya Meerut, huthibitisha karatasi iliyobandikwa. Chupa inaweza kujazwa tena. Kwa hiyo swali analopaswa kuliuliza mnunuzi wa Bariadi si kama namba ipo. Ni je, nikiigombanisha na kitu kingine hapa hapa, vitapatana? Betri na simu, boksi na simu, tarehe ya tairi na maneno ya muuzaji, jina la mbegu kwenye mfuko na jibu lililorudi.

Kuhusu kaseti, kazi iliyobaki ina muda wa kuisha. Mashine zile zilikwisha kufa, televisheni za mgongo zimeondoka, na bodi zake zinaishia kwenye chuma chakavu zikipimwa kwa kilo pamoja na redio na chaja. Kwa kaseti za Japani na Marekani hasara si kubwa, maana zimeshapigwa picha na kupangwa. Kwa zenye tone jeusi hakuna kiwanda kitakachotoa daftari, na hakuna wiki iliyochapwa mahali popote. Zitapangika kwa mfuatano wa wakati iwapo tu mtu ataandika vitu vichache kabla hazijayeyushwa: picha ya bodi pande mbili na ile namba fupi ya pembeni, orodha kamili ya gemu kama inavyoonekana kwenye skrini, makosa yote ya tahajia yaliyomo kwenye lebo, na mji ambako kaseti ilinunuliwa. Makosa ya tahajia ndiyo ningeanza nayo. Yakijirudia sawasawa kwenye kaseti mbili zilizonunuliwa miji tofauti, yanatuambia zimetoka kwa mchapaji mmoja, na hayo hakuna aliyeyaweka kwa makusudi.